Ukijifungua: upande kwa mama, umlete mjini, au ukae na dada wa kazi?

Mimba ikifika miezi saba nane, hapa Moshi na Arusha swali linaanza kuzunguka: nikijifungua nipande nyumbani, vijijini mlimani, nikalelewe (nitunzwe mimi na mtoto), nimwite mama au mama mkwe aje kwangu, au nikae na mume wangu tutafute dada wa kazi? Kila unayemuuliza anakujibu kwa jinsi alivyofanya yeye. Shangazi anasema mtoto wa kwanza lazima ulelewe nyumbani. Shosti wa ofisini anasema mambo ya kupanda mlimani yamepitwa na wakati. Mama mkwe yeye hajasema kitu, ila ameshauliza mara mbili chumba cha wageni kina kitanda cha futi ngapi.

Mimi kwa mtoto wa kwanza nililelewa mlimani, wa pili nikakaa mjini na dada, mama mkwe akaja baadae, kwa hiyo zote tatu nimezionja na kila moja ina utamu wake na karaha zake. Sitakwambia ipi ndo ipi, maana nyumba yako naijua wapi mimi. Nitakachofanya ni kuzipima zote kwa vitu vile vile, wewe utajaza vya kwako.

Vitu vya kupima kwanza

Usiku. Kichanga ananyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, kila baada ya masaa mawili matatu, na saa nane usiku kwake ni sawa tu na saa nane mchana. Hakuna atakayekunyonyeshea, ila kuna kubadilisha nepi, kumcheulisha, kumbembeleza mpaka arudi kulala, na hiyo ndo kazi ya mtu wa pili. Kwa hiyo usiulize tu nani atakuwepo nyumbani, uliza nani ataamka, na umtaje kwa jina.

Chakula na kazi za ndani. Hapa hamna maelezo marefu, mzazi anatakiwa ale vizuri, anywe sana, na asifue.

Hospitali na kliniki. Watu wengi wakisharuhusiwa wodini wanaona yameisha mpaka chanjo, kumbe Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe ndani ya masaa 24 ya kwanza, tena kati ya masaa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, alafu wiki ya 6. Chanjo zetu nazo ziko hivi, BCG (ya kifua kikuu) na polio ya matone akizaliwa, alafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14, alafu surua-rubela akifika miezi 9. Popote utakapokaa jiulize kituo kiko umbali gani na mvua ikinyesha barabara inapitika? Na kuna mambo hayasubiri tarehe ya kliniki: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona maruweruwe (presha inaweza kupanda hata baada ya kujifungua, wengi hawajui hili), mguu mmoja kuvimba na kuuma, mshono kutoa usaha. Kwa mtoto ni kugoma kunyonya, joto kali au mwili kuwa wa baridi, kupumua haraka haraka, au manjano yameshuka mpaka kwenye nyayo. Hapo ni kuondoka saa hiyo hiyo.

Likizo na hela. Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi na mshahara wako, siku 100 kama ni zaidi ya mtoto mmoja, na unaruhusiwa kuanza hata wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Sasa piga hesabu, ukianza wiki 4 kabla unabaki na wiki 8 tu na mtoto mkononi, wakati kunyonyesha bila kumpa kitu kingine ni miezi 6. Baba yeye ana siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na kama umejifungua kwa kisu hizo tatu zinaishia kwenye benchi la nje ya wodi. Na wewe mwenye saluni au genge pale Mbuyuni ambaye bosi ni wewe mwenyewe, likizo yako ni akiba yako, kwa hiyo hesabu yako ni tofauti na usijilinganishe na mtu wa ofisini.

Maneno. Hiki watu wanakisahau wakati wa kupanga, alafu ndo kinachowaliza. Maziwa hayatoshi, mbona tumbo halijarudi, umezaa kwa kisu siku hizi mnaogopa uchungu, mbona yule msanii wiki ya tatu tu yuko kwenye stetasi na kiuno kama hajazaa. Kila njia ina wasemaji wake, we unachagua tu utawavumilia wa wapi.

Na mume. Je atakuwepo, na je hiyo njia inampa nafasi ya kuwa baba au inamgeuza mgeni?

Kupanda nyumbani kulelewa

Tuseme ukweli, usiku hii njia ni tamu. Mama yako anakuamsha unyonyeshe, ukimaliza anakunyang'anya mtoto, unasikia tu anamwimbia sebuleni na we umesharudi usingizini. Kitu kimoja cha kuangalia ni baridi, Machame au Kibosho mwezi wa sita na wa saba sio mchezo, na wamama wetu wana tabia ya kuingiza jiko la mkaa chumbani. Kataa kabisa, hata kama watasema umekuwa wa mjini. Moshi wa mkaa una sumu haina harufu na watu wanalala nayo wasiamke. Vaeni masweta, jifunikeni, mtoto avae kofia, inatosha.

Chakula sasa. Mtori wa nyumbani hauna mpinzani. Ndizi mshare zimetoka mgombani asubuhi hiyo hiyo, nyama ya mifupa imechemka tangu alfajiri mpaka inaachia yenyewe, ndizi zinatumbukizwa kwenye ile supu zikiiva zinapondwa na mwiko mpaka zinakuwa laini kama uji mzito, kitunguu, maziwa kidogo juu, unaletewa bakuli la moto kitandani na hujauliza, na saa nne linakuja lingine. Unakunywa maji mengi bila kujua kama unakunywa maji. Nyumba nyingine wanaleta na mlaso, kile chakula cha damu, kama unatumia sawa, hakikisha tu damu imeiva vizuri.

Kuhusu hospitali, watu wa mjini wanaongea kana kwamba mlimani ni porini. Machame kuna hospitali, Kibosho ipo, Marangu ipo. Shida ni kutoka nyumbani mpaka kwenye lami, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano masika ikikolea vile vichochoro vya migombani vinateleza balaa na bodaboda na mshono haviendani. Kabla hujapanda tafuta jirani mwenye gari, uwe na namba yake, mkubaliane hata usiku anakuja. Chanjo unaweza kupata zahanati ya karibu, beba tu kadi ya kliniki, ila ulizia siku: chupa ya BCG ni ya watoto wengi na ikishafunguliwa ina masaa 6 tu, ndo maana vituo vidogo vinakusanya watoto siku moja.

Maneno ya mlimani yana upole lakini ni mengi. Wageni wanakuja na ndizi zao na maziwa yao na ushauri wao, wa kumkanda mzazi na maji yanayochemka, wa kumpa mtoto maji kidogo maana koo limekauka. Afu kuna lile la kwenda kwa nani, maana kwa familia nyingi za Kichaga mzazi analelewa upande wa mume, mtoto ni wa ukoo, kwa hiyo ukienda kwa mama yako mzazi kuna mtu atanuna. Hilo mume alimalize mapema na wazazi wake, sio wewe na mimba yako kubwa.

Hela zinatumika kidogo ila sio bure, utapanda na sukari, mchele, mafuta na hela ya nyama, na ukishuka unaacha asante. Kikubwa unachopoteza ni mume. Wazee walikuwa wanamweka mzazi ndani kama miezi mitatu, siku hizi ukikaa hivyo likizo yako yote imeishia kule na baba anakuja Jumamosi anamshika mtoto kwa mikono miwili imekakamaa, Jumapili jioni anaondoka.

Inamfaa: mtoto wa kwanza, aliyejifungua kwa kisu, anayeelewana na mama yake kweli kweli (sio wa kwenye simu), na yule ambaye mume hayupo yupo. Hapa nawasema wake za madereva na waongoza watalii. Kama tarehe yako imeangukia mwezi wa saba na baba yuko Serengeti na wageni au yuko juu Kilimanjaro wiki nzima bila netiweki, kukaa peke yako mjini Sakina unamwonyesha nani.

Kumleta mama au mama mkwe mjini

Usiku inategemea nyumba. Kama ni vyumba viwili vya kupanga Pasua au Kwa Mrombo, mama analala sebuleni, mtoto akilia wote mko macho, na baba anaamka kwenda kazini kama mlevi. Kama ana chumba chake inakuwa karibu sawa na mlimani, tofauti ni kwamba asubuhi hamna majirani wa kumpokea, yuko peke yake na wewe na anachoka. Mama ana umri. Kumwachia usiku na mchana alafu na kufua ni kumwonea, weka hata mtu wa kuja kufua mara mbili kwa wiki.

Chakula anapika yeye, ndizi utatafuta Kiboriloni au soko lolote la karibu, na kwa kweli mkono ni ule ule. Hospitali ndo ushindi wa njia hii, uko karibu na ulipojifungulia, bajaji inafika mlangoni, mahudhurio yako yote unakwenda pale pale wanapokujua.

Maneno sasa, hapa nikae kidogo. Siku ya tatu hivi ndo siku mbaya kuliko zote. Maziwa yenyewe ndo yanaingia, titi limekuwa gumu kama jiwe, linauma mpaka kwapani, mtoto anashindwa kulikamata anapiga kelele, we unalia, na mama mkwe amesimama mlangoni na kikombe anasema huyu ana njaa, maziwa yako mepesi, ngoja nimpe hata maji ya sukari. Hana nia mbaya, ndo alivyolea yeye. Lakini maziwa kwa kawaida yanajaa kati ya siku ya pili na ya tano, kabla ya hapo yale ya njano machache yanamtosha, na mtoto kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, anatakiwa awe ameurudisha kwenye wiki mbili hivi. Titi likiwa gumu unalikanda na kitambaa cha uvuguvugu, unakamua kidogo kwa mkono mpaka chuchu ilainike, alafu unamweka. Akikojoa vizuri, nepi sita na zaidi kwa siku kuanzia kama siku ya tano, ujue anashiba. Asipokojoa au akilegea, huyo ni wa kupelekwa hospitali, maji ya sukari hayatamsaidia.

Sasa nani anamwambia mama mkwe haya? Ushauri wangu ambao nimeuona ukifanya kazi nyumba nyingi: nenda naye kliniki. Sio akusindikize mpaka getini, aingie, akae, umwambie nesi mbele yake naomba tueleze kuhusu kumpa maji, na kitovu, na kukanda mshono. Akisikia kwa nesi kwamba hapewi hata maji mpaka miezi 6, kitovu kinaachwa kikavu bila majivu wala mafuta, na mshono haukandwi na maji ya moto, anarudi nyumbani yeye ndo mlinzi, anamfokea shangazi akija na ushauri wa zamani. Ukimwambia wewe ni kiburi cha mkwe. Na sheria nyingine ndogo, kila mtu aongee na mama yake: mume na wa kwake, wewe na wa kwako.

Hela ni nauli, matumizi yakiongezeka na zawadi ya kumrudisha, kitenge na mfuko wa sukari hivi. Kwa upande wa likizo hii inakuachia nafasi, anaweza kuja mwanzoni au ukamtunza kwa ajili ya wiki ya kurudi kazini. Ila usitegemee miezi. Mama ana ng'ombe, nani anakata majani? Wiki ya pili utasikia anaanza kuulizia mvua kama imenyesha kule na jumuiya walisali kwa nani. Mkubaliane tarehe ya kuja na ya kuondoka kabla hajapanda gari.

Mume yupo nyumbani na hilo ni jema, ila kama ni mama yake usishangae akirudi kuwa mtoto, anakaa mezani anasubiri sahani. Mpe kazi yake inayojulikana, mimi naona kumwogesha mtoto ni nzuri maana ni ya kila siku na mama hawezi kumwambia we hujui zaidi ya mara mbili.

Inamfaa: mwenye nafasi ya kumlaza mtu, mwenye mume anayerudi kila jioni, aliyepata shida wakati wa kujifungua na anatakiwa kuwa karibu na daktari, na aliyeanza biashara ambayo hawezi kuifunga kabisa.

Dada wa kazi, wewe na baba

Usiku ni wenu wawili. Nalisema mapema maana wengi wanaleta dada wakidhani ataamka usiku, na huyo dada ameamka saa kumi na moja kupika chai, amefua, amedeki, amepika. Binadamu ni binadamu. Ukimkeshesha na mtoto, mchana anasinzia na mtoto mkononi. Mgawanyo mzuri ni dada nyumba, wewe mtoto, baba saa za jioni mpaka usiku wa kwanza ili uibe usingizi kuanzia saa tatu.

Chakula kitakuwa kile anachojua, kama anatoka mkoa ambao mtori hawaujui itabidi umfundishe, fanya hivyo ukiwa na mimba na miguu bado inakubeba. Na ndo maana dada anatafutwa mapema, mwezi mmoja au miwili kabla, mzoeane. Dada wa kuletwa siku unatoka wodini ni mgeni wa pili kwenye nyumba yenye mgeni mmoja tayari. Umri nao: chini ya miaka 14 kumwajiri ni kosa kisheria, na hata huyo wa kumi na tano kumi na sita bado ni mtoto, kumwachia kichanga ni mzigo usio wake. Tafuta mtu mzima, ikiwezekana aliyelea.

Hospitali sawa na njia ya pili, tofauti ni nani anabaki na nyumba na nani anakushika mkono, kwa hiyo baba apange ruhusa zake kwa tarehe za kliniki.

Maneno ndo machache kuliko kote. Hakuna anayekukosoa ndani. Lakini hakuna pia anayekwambia hiyo ni kawaida mwanangu, na saa tisa usiku simu ndo inakuwa mama yako, unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila mtu na dawa yake ya tumbo la mtoto. Hapo unahitaji mtu mmoja wa kumpigia, dada yako au nesi unayemfahamu, mmoja tu anatosha. Nje watasema vile vile, kwamba unajifanya mzungu.

Hela ndo inayouma: mshahara kila mwezi bila kuruka, chakula chake, vitu vyake vidogo, na siku yake ya kupumzika. Upande wa kazi ndo njia pekee inayoendelea likizo ikiisha. Ukirudi ofisini sheria inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, anayeishi karibu anarudi nyumbani, wa mbali anakamua. Maziwa ya kukamua yanakaa nje kama masaa manne pasipo na joto kali, kwenye friji siku nne, na dada amnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi, chupa kuzisafisha vizuri ni kazi nyingine.

Inamfaa: mtoto wa pili kuendelea, mwenye mume anayeshika kazi bila kuambiwa, ambaye mama yake hayupo tena au hali yake hairuhusu, na anayerudi kazini mapema. Kama ni mtoto wa kwanza na umejifungua kwa kisu na mume anarudi saa nne usiku, hii peke yake naiona ngumu.

Popote ulipo, moyo

Kulia lia na kuwa na hasira wiki ya kwanza kunawapata wengi na kunaisha kwenye wiki mbili hivi. Ikipita wiki mbili bado hulali hata mtoto akilala, hujisikii chochote kwake, au unawaza kujidhuru au kumdhuru, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua na ina matibabu, nenda hospitali, na kama ni mawazo ya kudhuru nenda leo leo na usiende peke yako. Mlimani itaitwa uchovu, mjini itaitwa kudeka. Mwambie mumeo dalili hizi kabla hujajifungua, yeye ndo anaweza kuziona kwanza.

Kwa hali yako

Mtoto wa kwanza, kisu, mume wa safari: panda, hata kwa wiki sita, na ushuke kabla likizo haijakaribia ukingoni ili baba na dada wazoee.

Mume yupo, nyumba ina nafasi, presha ilikusumbua kwenye mimba: baki mjini, mama aje.

Una kazi ya ofisi na hakuna ndugu wa kushika mtoto baadae: dada aanze mapema, na mama umwombe aje wiki ile ya kurudi kazini badala ya wiki ya kwanza. Watu hawaifikirii hii lakini wiki ile inavunja moyo kuliko ya kujifungua.

Biashara yako ndo inalipa kodi: mdogo wako au wifi akushikie duka, maana mtu wa kukaa dukani anaweza kukusaidia kuliko mtu wa kukaa na mtoto.

Mama yako na mama mkwe wote wanataka kuja: wasije pamoja. Mmoja wiki tatu za mwanzo, mwingine kuanzia wiki ya sita kwa chanjo, na anayeanza aamue mumeo, ili lawama zikija ziwe zake.